Wakili wa Mjusi

Barazani kwetu Michenzani, Unguja, kila mtu ana mada yake. Yupo wa mpira, yupo wa bei ya mchele, yupo ambaye ukimpa nafasi atakurudisha mwaka 1964 na asikutoe tena. Mimi nilikuwa wa mjusi. Ikitajwa Ujerumani tu, hata kama habari yenyewe ni ya Bayern Munich, nimesharuka: "Mjusi wetu wanamrudisha lini?" Wenzangu wakanibandika jina, Wakili wa Mjusi, na mimi nikalipenda.

Kesi yangu ilikuwa fupi. Mifupa ya yule mnyama mkubwa, dinosaria, ilitoka Tendaguru, mkoa wa Lindi. Wajerumani waliichukua walipokuwa wakiitawala Tanganyika, wakaisimamisha Berlin, watu wanalipa viingilio kwenda kuitazama, na fedha ile ni yetu. Nikipigwa swali la pili, nililijibu kwa jibu la kwanza ila kwa sauti kubwa zaidi. Palikuwa na kasoro ndogo kwamba mimi ni Muunguja na Lindi ni bara, lakini bibi yangu mzaa baba alitoka huko akiwa msichana, na ukoo huo niliutoa kila ulipohitajika.

Kazi yangu ni uashi. Nimekulia katika nyumba za maendeleo za hapa Michenzani, riziki yangu imetoka Mji Mkongwe: kuta zinazotoa chumvi, boriti zilizooza, lipu inayobwaga. Nayasema haya mapema kwa sababu kilichonibadilisha ni habari ya kazi ya mikono, na pengine mtu wa kazi nyingine ingempita hivi hivi.

Mtoto wa dada yangu ameolewa Lindi na anasomesha skuli ya sekondari huko. Nilikwenda kwake kwa arusi ya wifi yake. Usiku, wageni wakiwa bado na vikombe mkononi, nikapata hadhira mpya na nikaifungua kesi. Watu wa Lindi walinisikiliza kwa adabu, maana wao suala hilo wamelisikia tangu utotoni na wabunge wa kusini wamelipeleka bungeni mara kadhaa. Mpwa wangu alingoja wageni waondoke.

"Mjomba, huyo mjusi unayemdai, unamjua aliyemchimba?"

"Wajerumani."

"Wajerumani wangapi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, wengi.

"Werner Janensch na Edwin Hennig. Wawili, Mjomba. Akaja na Hans von Staff kwa muda, halafu mwishoni Hans Reck na mkewe. Basi. Waliobaki wote ni watu wa huku."

Akaingia ndani akatoka na daftari lake la kusomeshea. Tukakaa mpaka karibu na alfajiri.

Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini upande wa bara ya Lindi, alifika kwenye kilima cha Tendaguru na kukuta mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Wenyeji walikuwa wakipita hapo siku zote. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu kutoka Stuttgart, Eberhard Fraas, akachimba kidogo, akarudi kwao na sampuli. Berlin wakachangishana fedha, na mwaka 1909 msafara wa makumbusho ukafika Lindi. Kazi ikaenda mpaka mwaka 1913. Vibarua walikuwa chini ya mia mbili mwaka wa kwanza, baadaye wakakaribia mia tano kwa msimu, na wengi walikuja na wake na watoto, kambi ikawa kijiji. Yapo mambo mawili ambayo sikuwahi kuyataja barazani, na mpwa wangu aliyasisitiza. La kwanza, watu hao walikuwa wametoka tu kwenye Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambavyo wanahistoria wanakadiria viliua watu hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Aliyeshika sururu Tendaguru mwaka 1909 alikuwa mtu aliyenusurika. La pili, msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa na jina, na jina lenyewe linajulikana: Boheti bin Amrani.

Hapo ndipo masikio yangu ya ufundi yaliposimama. Nikamwambia, hebu nieleze walivyoitoa.

Mfupa uliokaa ardhini miaka milioni mia na hamsini haushikiki ovyo. Umegeuka jiwe, lakini jiwe lenyewe limejaa nyufa, na mizizi ya miti imepita katikati. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa yule mjusi wa Berlin peke yake una zaidi ya mita mbili. Ukiuinua kwa pupa unabaki na kifusi. Kwa hiyo unachimba mtaro mpana, unashuka taratibu, ukikaribia unaweka sururu pembeni na kushika kisu na brashi. Unauacha mfupa umekaa juu ya kitako chake cha udongo. Kisha unaufunika kwa plasta ya jasi, na jasi inapokuwa haba unatumia udongo na nyasi. Ikishakauka unakata chini, unageuza, unafunika upande wa pili. Mifupa mirefu inakatwa vipande, na kila kipande kinapewa namba ili kule kinakokwenda kijulikane kimetoka wapi na kilikuwa karibu na nani. Mwisho unavisha mianzi kuzunguka na kufunga kamba, ndipo mchukuzi abebe.

Nimewahi kutoa fremu ya mlango wa nakshi kwenye ukuta uliokuwa ukianguka. Kazi ile ilinitoa jasho la woga, na fremu ile ilikuwa na umri wa miaka mia na kitu tu. Najua mtu anayeaminiwa kufanya hivyo anapatikana vipi. Hapatikani kwa kuokotwa njiani asubuhi. Amefundishwa, akaharibu, akafundishwa tena, akafika mahali mkubwa wake anampa kazi na kuondoka. Boheti bin Amrani alifika mahali hapo, na akafundisha wengine. Waingereza walipokuja kuchimba Tendaguru kuanzia mwaka 1924, walimtafuta na kumwajiri yeye yule. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria mwaka 1925, na kijana aliyefuatana naye, Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete, Kenya, na baadaye akajulikana kwa uchimbaji wa Olduvai, alikuwa ameshaondoka. Viongozi waliofuata walibadilishana mpaka mwaka 1931. Wachimbaji ndio waliokuwa na uzoefu wa mashimo yale.

Halafu uchukuzi. Kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi ni kama kilomita sitini. Barabara ya gari hapakuwa, na wanyama wa mizigo huku kusini waliuawa na mbung'o. Kwa hiyo ni kichwa na bega. Mizigo zaidi ya 4,000 ilishuka hivyo, safari ya siku tatu au nne kila mmoja. Uzito wote ulipita tani 200. Mizigo mikubwa zaidi ilitungikwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa pamoja. Na maji ya kambi, ya kunywa na ya kukandia plasta, yalikuwa ya kufuatwa mbali. Nani aliyafuata? Mpwa wangu hakunijibu, alinitazama tu, na mimi nimekulia Ng'ambo ya Mji Mkongwe enzi za mifereji ya barabarani, kwa hiyo sikuhitaji kujibiwa.

Kesho yake mume wake akanipakia kwenye pikipiki.

Tendaguru si mlima. Ni kilima tu kwenye msitu wa miti mifupi na majani marefu, ukipita na mawazo yako hukioni. Mitaro ya zamani imebaki mabonde madogo yaliyojaa nyasi. Mzee wa kijiji cha karibu aliyetuongoza alituonyesha vipande vya mifupa vilivyolala juu ya udongo kama vigae vya chungu, na kabla sijainama akasema, "Tazama, usiokote." Amewaambia hivyo watu wengi, ilionekana.

Kilichonishika pale kilikuwa kitu kingine. Kwenye mteremko palikuwa na jiwe limejaa makombe. Mimi makombe kwenye jiwe nayajua, ndiyo mkate wangu. Kuta zote za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na siku haipiti bila tindo yangu kufukua chaza au konokono wa baharini. Lakini pale tulikuwa tumeiacha bahari nyuma sana. Nikauliza.

Wanajiolojia wamelieleza jambo hilo vizuri. Mwamba wa Tendaguru umepangana kwa matabaka. Matabaka makuu ya mifupa ya dinosaria ni matatu, na kati yake yapo matabaka ya mchanga wa baharini yaliyojaa makombe ya jamii iitwayo Trigonia na ndugu zake. Bahari ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki mahali pale palikuwa pwani yenye mikondo ya maji, mafungu ya mchanga na matope ya maji kupwa na kujaa. Madagaska na Uhindi zilikuwa zinaachana na Afrika, na bahari hii yetu ndiyo kwanza inafunguka katikati. Wanyama walishuka ufukweni kula na kunywa, na wengine hawakuondoka. Janensch aliwaza kwamba baadhi ya wale wakubwa walinasa kwenye matope, maana alikuta miguu imesimama wima ardhini na mwili wa juu umeshapotea.

Kwa hiyo mjusi alikuwa mtu wa pwani. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Na hapo hapo nikaona nilivyokuwa nikilizungumza jambo hili kana kwamba ni kasha la fedha lililoibwa. Nilijua bei yake, sikujua lilitengenezwaje wala lilitolewaje. Mimi ambaye mtu akisifu nyumba mbele yangu kwa kumsifu mwenye nyumba peke yake nakasirika siku nzima.

Nikarudi Unguja na kuanza kusoma kila nilichokipata, mengine nikisomewa na mpwa wangu kwa simu. Majina ndiyo yaliyonichukua muda mrefu. Yule mkubwa wa Berlin anaitwa Giraffatitan brancai. Hilo la pili ni la Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho aliyesimamia mpango akiwa Berlin. Yupo mwingine anaitwa Dicraeosaurus hansemanni, kwa heshima ya David von Hansemann aliyesaidia kukusanya michango. Yupo mdogo mwepesi wa mbio, Dysalotosaurus lettowvorbecki, mwenye jina la kamanda wa jeshi la Kijerumani katika vita vya 1914. Kamanda! Vita vyake vilipita huku huku kusini vikikokota wachukuzi wengine maelfu kwa maelfu.

Kambini ilikuwa tofauti. Kabla ya majina ya kitaalamu mifupa ilipewa majina ya kazi, na hayo yanachekesha na kuuma: Salimosaurus, Wangonisaurus, Mtapaiasaurus, Mifupasaurus, hata Mtotosaurus. Ukiyasikia unasikia watu wakiongea mtaroni. Berlin yalibaki kwenye madaftari, hayakuwahi kuwa majina rasmi. Ilichukua mpaka mwaka 2007 kwa mtaalamu mmoja, Kristian Remes, kuchunguza pingili mbili za shingo zilizochukuliwa Tendaguru, kuona kwamba ni za mnyama wa aina yake, na kumwita Australodocus bohetii. Ni pingili mbili tu, lakini Boheti ameingia kitabuni. Namshukuru. Na haki isemwe pia kwamba Janensch na Hennig hawakuwaficha watu wao. Waliwapiga picha, waliandika habari zao, na bila madaftari yale leo tusingelijua hata jina la Boheti. Waliokuja kubandika vibao ndio waliofupisha hadithi.

Sasa nije kwetu, kwa sababu mabadiliko yangu hayakuishia kusoma.

Mji Mpya wa Michenzani, haya majumba marefu yanayokatana msalaba kwenye mzunguko wa barabara, umetokana na mpango wa mji wa mwaka 1968 uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo Zanzibar iliitambua mapema tu baada ya Mapinduzi ya 1964. Wao ndio waliojenga nyumba za mwanzo za Kikwajuni na Kilimani. Sasa sikiliza mchezo wa dunia: makumbusho anayokaa mjusi yapo Invalidenstraße, na mtaa huo ulikuwa upande wa Berlin Mashariki. Serikali iliyokuwa ikitusaidia kupanga mtaa wetu ndiyo iliyokuwa na mjusi ndani ya nyumba yake. Angeletwa akasimama chini ya jumba letu, kichwa kingefika dirisha la ghorofa ya nne, maana ana mita 13 na sentimita 27. Mwaka 1984 walimfungua, wakampeleka Tokyo kuonyeshwa, wakamrudisha. Vijana wetu waliokwenda kusoma kule bila shaka wapo waliomtazama. Sijapata kusikia kwamba kuna kiongozi wa hapa aliyemuulizia.

Lakini mimi nilikuwa naliwaza lingine. Majumba haya Wajerumani waliyachora. Waliobeba mchanga ni kina baba. Baba yangu alifanya kazi hapa, siku nyingine ya mshahara, siku nyingine ya kujitolea, pamoja na mamia ya watu wa Ng'ambo, wanaume kwa wanawake, ambao vibanda vyao vilibomolewa kupisha. Mpaka anafariki aliweza kukuonyesha ngazi aliyoipiga lipu kwa mkono wake. Utapata vitabuni jina la Mzee Karume, na ni haki yake. Utapata majina ya wasanifu. Ya kina baba nimeyatafuta, na kwa baba yangu ushahidi uliopo ni maneno yangu mimi mwanawe.

Na Disemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib ilipoporomoka wakati wa ukarabati, mafundi wawili walikufa chini ya kifusi. Dunia nzima iliandika kwamba jumba lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, kwamba ndilo la kwanza kuwa na umeme hapa kwetu, kwamba lina lifti. Sisi tulio katika kazi hii tuliwazika wenzetu. Muulize leo mtu yeyote Forodhani, atakutajia Sultani.

Basi nilianza na kilicho ndani ya uwezo wangu. Kila nyumba tunayoikarabati, kabla lipu ya mwisho haijakauka, naandika kwa msumari mahali ambapo hapataonekana na wageni, nyuma ya mlango au chini ya ngazi: mwaka, majina ya wote walioshiriki, na mchanganyiko tuliotumia, chokaa sehemu ngapi, mchanga sehemu ngapi, saruji imetiwa au haikutiwa. Wote maana yake wote. Fundi, saidia fundi, na mama anayetuletea maji na kokoto. Mwenye nyumba mmoja wa Mkunazini alikereka. Akaniuliza majina hayo yatamsaidia nani. Nikamwambia yatamsaidia fundi atakayekuja kuibomoa lipu hii baada yetu, atajua ameikuta kazi ya nani na amtukane kwa jina. Alicheka, akaniacha.

Vijana wangu wa kazi wameingia kwenye jambo hili kwa mlango wao. Wao hawakuuliza habari ya Boheti, waliuliza mayai. Mnyama mkubwa kama jumba, yai lake kubwa kiasi gani? Nikalazimika kutafuta. Mayai ya dinosaria yamepatikana sehemu nyingi za dunia. Maarufu ni yale ya jangwa la Gobi, Mongolia, mwaka 1923. Kwa Afrika wanasifika Afrika Kusini: mwaka 1976 James Kitching aliokota kwenye mbuga ya Golden Gate fungu la mayai ya Massospondylus, ya miaka milioni 190 hivi, na miaka mingi baadaye, yalipochokonolewa kwa subira, ndani mlikuwa na vijusi. Yai lenyewe lina sentimita sita tu. Hata ya wale wenye shingo ndefu waliopatikana Argentina, mwaka 1997, hayazidi sana yai la mbuni. Vijana walivunjika moyo. Nikawaponya kwa habari ya jirani zetu wa Madagaska, ambako palikuwa na ndege mkubwa asiyeruka aliyetoweka karibu miaka elfu iliyopita, na yai lake lilikuwa na urefu wa sentimita thelathini, kubwa kuliko hayo yote niliyowatajia. Tangu siku hiyo kazi haiendi bila mtu kuuliza kwenye kila kokoto la mviringo, "Fundi, yai hili?"

Si yai. Nawaambia mawe ya Unguja ni machanga mno kwa mjusi. Sehemu kubwa ya mwamba wetu wa matumbawe ina umri wa kama miaka 125,000, enzi ambayo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Lakini kuwa machanga si kusema ni matupu. Kwenye pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale, akiwamo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamechimba na kukuta zana za mawe, na katika matabaka ya chini imetoka mifupa ya punda milia na nyati. Bahari ilishuka wakati wa zama za barafu, mkondo kati yetu na bara si wa kina kirefu, na kisiwa hiki kilikuwa nchi kavu iliyoungana na bara. Wanyama walikuja kwa miguu. Nilipolisema hili barazani walinizomea. Punda milia, Unguja! Wakaniuliza kama nao nitawadai Ujerumani.

Kesi ya mjusi sijaiacha. Ila madai nimeyaandika upya. Kuhusu mifupa irudi au isirudi, serikali zimeshazungumza: Mei 2018 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Augustine Mahiga, alipokutana na mwenzake wa Ujerumani, Heiko Maas, alisema Tanzania haidai mjusi arudishwe, inataka ushirikiano katika utafiti na kuiendeleza Tendaguru yenyewe. Watu wa Lindi wengi hawakupendezwa, na naelewa. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendeka katika Majimaji. Vizuri. Mimi fundi nataka vitu vyepesi zaidi, ambavyo havihitaji meli. Miguuni pa yule mjusi, kwenye ukumbi ule ule, waandikwe waliomtoa, kila jina lililomo kwenye madaftari ya msafara, kwa herufi za ukubwa ule ule walioandikiwa akina Branca. Na vile vifurushi vya mianzi ambavyo vimekaa Berlin zaidi ya miaka mia bila kufunguliwa, kila kinapofunguliwa au kupigwa picha za ndani kwa mashine, awepo mwanafunzi wa Kitanzania mezani ameshika kisu na brashi, si amealikwa kutazama.

Nasema hivyo kwa sababu udongo wa nchi hii haujaisha. Mwaka 2000 Wajerumani na Watanzania walirudi Tendaguru pamoja na kupata mapya. Upande wa Songwe, kwenye bonde la Rukwa, ametoka mnyama mwingine mwenye shingo ndefu aliyetangazwa mwaka 2019 kwa jina la Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa ajili ya mto Mtuka alikopatikana, na kwa pingili za mkia wake zenye umbo la moyo. Upande wa Ziwa Nyasa mifupa iliyookotwa miaka ya 1930 ilikuja kuchunguzwa na kutangazwa mwaka 2012 kuwa Nyasasaurus, wa miaka milioni 243 hivi, ambaye huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu kabisa. Kila mmoja wa hao aliinuliwa na mikono ya watu, na safari hii hatuna kisingizio cha kutoandika.

Barazani bado wananiita Wakili wa Mjusi, ila sasa wamechoka kwa sababu nyingine. Nikitajiwa Ujerumani naanza na Boheti bin Amrani, nakwenda kwa wachukuzi, nakwenda kwa waliochota maji, na mpira unaisha kabla sijafika Berlin.

Ombi langu ni kwa wenye asili ya kusini, na hapa Unguja ni wengi, Wamwera, Wayao, Wamakonde, ambao wazee wao walivuka kuja kwenye karafuu na ujenzi wakabaki Ng'ambo. Kama kwenu kuna bibi au babu aliyewahi kusimulia kwamba mzee wake alichimba au alibeba mifupa ya Tendaguru, au alipika kambini, muulizeni jina kamili, kijiji alichotoka, na alifanya kazi gani. Andikeni, na mpeleke nakala Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam na nyingine kwa mwalimu yeyote wa historia mkoani Lindi. Na mafundi wenzangu wa Unguja, mkikuta mfupa ndani ya jiwe au pangoni msiutie kwenye tanuu la chokaa. Uacheni ulipo, pigeni picha, na mwiteni mtu wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale aje autazame.